Baada ya Kuhamia

Ukishuka kwa kifodi kutoka katikati ya Arusha kwenda Kwa Mrombo, Mlima Meru unabaki mgongoni, na kabla hujafika mwisho wa safari umeshaziona hatua zote za nyumba. Kuna kiwanja chenye msingi na rundo la mawe. Kuna boma lililofika lenta, majani yameota vyumbani. Kuna lililokwisha kupauliwa, madirisha bado yamezibwa kwa mbao na mabati chakavu. Kuna nyumba ambayo wenyewe wamehamia kibishi: sakafu ya zege tupu, pazia mahali pa mlango, taa inawaka sebuleni. Halafu kuna nyumba iliyokwisha kabisa miaka kumi na mitano au ishirini iliyopita, yenye marumaru barazani, na sasa rangi yake imebabuka, kutu imeanza kwenye vichwa vya misumari ya paa, na ufa unashuka kutoka pembe ya dirisha.

Hatua nne za mwanzo kila mtu anazijua kwa majina na kwa bei. Muulize mwenye boma, atakwambia lipu ilimla kiasi gani na dari inangoja nini. Hatua ya tano haina jina katika mazungumzo yetu, na kwa kuwa haina jina, haina ukurasa katika daftari la nyumba. Kwa kuwa ndiyo hatua ndefu kuliko zote, nimeona inastahili kuandikiwa.

Mpango wa nyumba huanza na ramani na makadirio. Makadirio yaliyoandaliwa vizuri yana nondo, saruji, mchanga, kokoto, mbao, bati, waya, mabomba na ufundi, na pengine fungu dogo la dharura. Yanaishia kwenye rangi na kitasa cha mwisho. Hatuwezi kumlaumu aliyeyaandaa. Aliulizwa nyumba itagharimu kiasi gani kujengwa, akajibu hilo. Hakuulizwa nyumba hiyo itadai kiasi gani kwa mwaka ili baada ya miaka thelathini iwe bado inakalika. Wala mwenye nyumba hana sababu ya kuuliza wakati ule, kwa maana fedha aliyonayo haimalizi hata msingi.

Tarehe ya kumaliza nayo haitoki kwenye kazi. Mara nyingi hutoka kwenye kodi: mwenye nyumba ya kupanga anataka miezi sita kwa mkupuo, familia inapiga hesabu na kuona fedha hiyo ingetosha milango miwili na kusuka waya. Wengine wanakimbizana na masika, kwani mvua za Machi hadi Mei zikilikuta boma bila paa hasara ni ya kweli. Wengine wanataka watoto waanzie shule ya jirani Januari. Sababu zote hizi ni za haki. Shida ni kwamba zege na lipu zina ratiba yake: zinataka kumwagiwa maji kwa siku kadhaa, walau saba, kisha zikauke sawasawa kabla ya kupakwa rangi. Rangi iliyopakwa juu ya ukuta mbichi kwa sababu Jumamosi kuna kuhamia, ndiyo ile inayobabuka kabla ya mwaka wa tatu.

Katika kujenga kwenyewe, nyumba nyingi za huku hazipandi kwa mkopo wa benki. Zinapanda kwa mshahara, kwa mauzo ya mahindi au ng'ombe, kwa zamu ya upatu, kwa fedha ya mtoto aliye mbali. Nataka jambo hili lipewe uzito wake. Mtu aliyejenga namna hii kwa miaka saba akihamia, hakuna anayemdai, na hakuna atakayekuja kubandika tangazo la mnada mlangoni. Ni mafanikio makubwa, na mji huu umejengwa nayo. Lakini fedha inayokuja kwa vipande huamuliwa kwa vipande, na kila kipande huelekea kwenye kile kinachoonekana au kinachouma leo. Ndipo bati la geji 28 lililokuwa kwenye makadirio linageuka geji 30, ambalo namba yake ni kubwa lakini lenyewe ni jembamba zaidi. Mbao zilizotiwa dawa zinageuka mbao mbichi zilizopakwa oili chafu. Waya wa milimita 2.5 wa soketi unageuka 1.5 wa taa. Siku ile inaandikwa kuwa fedha imeokolewa. Kwa kweli imekopwa kwa nyumba yenyewe, na hakuna aliyeandika siku ya kulipa.

Mambo yanayobaki bila kufanyika yanafanana kutoka kiwanja hadi kiwanja. La kwanza ni gata. Paa linapigwa, watu wanashangilia, gata inaambiwa ingoje. Kwa mahali kama Arusha hilo ni jambo la kuumiza. Maji mengi ya ardhini kuzunguka Meru yana floridi inayotoka kwenye miamba ya volkano, ile inayoacha rangi ya kahawia kwenye meno ya watoto wetu. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima na chemchemi kadhaa za ukanda huu huvuka kiwango hicho. Maji ya mvua hayana tatizo hilo. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 10 tu, zinashuka karibu lita 1,000. Bila gata, lita hizo huanguka mguuni pa ukuta. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, maji hayo hayo yanakwenda kuchezesha msingi, na ule ufa wa pembe ya dirisha mara nyingi huanzia hapo. Kwa hiyo familia inanunua maji ya kunywa kwa dumu huku maji mazuri yakibomoa nyumba yao taratibu.

Jambo la pili linalobaki halionekani hata kwa macho, nalo ni njia ya kukifikia kitu kitakapoharibika. Hili nimeliona likiwagharimu watu kuliko kutu. Dari ya jipsamu inafungwa vizuri, taa zinapangwa, na hakuna aliyeacha mlango mdogo wa kupandia darini. Bati likianza kuvuja, fundi hawezi kuona panapovuja kutoka ndani, na juu ya paa anabahatisha. Mabomba yanafukiwa ukutani bila koki ya kufungia kila chumba. Bomba la bafuni likipasuka, maji yanafungwa kwenye mita na uani kote wanakaa bila maji mpaka fundi apatikane. Chemba za maji taka zinapigiwa marumaru juu ili uwanja upendeze, na siku zinapoziba watu wanatafuta kwa nyundo mahali zilipo. Tangi linawekwa juu ya mnara usio na ngazi, hivyo tope la ndani linabaki mwaka hadi mwaka.

Shimo la choo lina habari yake peke yake. Kwa kawaida huchimbwa nyuma ya nyumba, mbali na macho ya wageni, wakati viwanja vya jirani vikiwa bado shamba la mahindi. Gari la kunyonya lingeweza kupita popote. Miaka sita baadaye jirani wa kushoto amejenga, wa nyuma amepiga ukuta, njia ya kati imebaki ya pikipiki, na mwenye nyumba mwenyewe ameongeza vyumba viwili vya kupangisha mahali ambapo gari lingesimama. Shimo linajaa, kama mashimo yote. Gari linafika barabarani, mpira unapimwa, haufiki. Hapo kuna njia mbili, kuunganisha mipira kwa bei ya juu au kuchimba shimo jingine kwenye kiwanja ambacho hakina tena nafasi. Gharama hii haikuletwa na uchakavu. Ilipangwa siku ile ile ya kuchora, kwa kutouliza gari litapita wapi.

Wanaoumia kwanza si lazima wawe wenye nyumba. Kwa Mrombo, kama maeneo mengine ya pembezoni mwa jiji, imejaa wapangaji. Nyumba ya vyumba sita yenye choo kimoja na bomba moja uani ikipata hitilafu, familia sita zinatembea na ndoo. Mpangaji amelipa kodi yake mapema, hana njia ya kupunguza. Mwenye nyumba naye si lazima awe mtu mbaya; kodi aliyoipokea Januari imeshalipa ada, na tangu mwanzo alihesabu vyumba sita kuwa mapato ya vyumba sita. Laiti angehesabu kuwa kimoja kati ya hivyo ni cha nyumba yenyewe, kodi yake ikiingia kando bila kuguswa, choo kingetengenezwa ndani ya wiki, na wapangaji wasingehama kwa zamu. Chumba kisicho na mtu kwa miezi miwili nacho ni gharama, ingawa hakuna risiti yake.

Kwa nini gharama hukua? Bei za madukani ni sehemu tu ya jibu, japo si ndogo. Bei zikipanda asilimia 3 tu kwa mwaka, miaka 24 inatosha kuzifanya maradufu, kwa hiyo aliyepaua kwa shilingi milioni tatu na kuweka kichwani kwamba paa ni milioni tatu, atashangaa. Sehemu kubwa zaidi ni mnyororo wa hitilafu, moja ikizaa nyingine. Msumari unaolegea unahitaji fundi wa nusu siku na kifuko cha misumari yenye mpira. Ukiachwa, maji yanashuka kwenye mbao, kutoka kwenye mbao hadi jipsamu, jipsamu inaanguka juu ya kochi, na mahali fulani katikati maji yamekutana na maungio ya waya. Kazi ya nusu siku imekuwa ya mafundi watatu. Isitoshe, paa huonyesha kasoro zake wakati wa masika, wakati ambapo kila fundi paa mjini ana simu kumi zinazomngoja, na mtu anayelowa hana nguvu ya kubishana bei.

Pia vitu vilivyofungwa pamoja huchoka pamoja. Nyumba iliyokamilika mwaka mmoja huletea mwenyewe madai yake kwa makundi: vitasa, koki na rangi ndani ya miaka ya mwanzo, pampu na vyoo baadaye, kisha paa na waya kwa wakati mmoja, mara nyingi pale mtoto wa mwisho yuko chuo au mwenye nyumba anastaafu. Nyumba haifanyi hila. Imefuata umri wake tu, na umri huo ulijulikana tangu siku ya kwanza.

Watu wa huku hawakuwa wageni wa jambo hili. Katika boma la Kimaasai, nyumba ilikandikwa na wanawake kwa udongo na samadi, na mvua zilipokuja walikandika tena pale palipoonyesha dalili ya kuvuja. Hakuna aliyeona kwamba nyumba imeharibika. Ilikuwa kazi ya msimu, kama kupalilia. Pwani, nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa katika Mji Mkongwe wa Zanzibar zinadumu vizazi ikiwa paa halipitishi maji na chokaa inarudiwa. Maji yakiingia, boriti za mikoko zinaoza na ukuta unafuata. Na katika utaratibu wa wakfu kuna kanuni ambayo ningependa kila mwenye nyumba aisikie: pato la nyumba ya wakfu huitunza kwanza nyumba yenyewe, ndipo kinachobaki kigawiwe wanaostahili. Saruji na bati, kwa kuwa vinakaa miaka bila kulalamika, ndivyo vilivyotuzoesha kufikiri kwamba nyumba ya kisasa haitaki kitu.

Basi itengwe kiasi gani? Marekani na Uingereza watu hupenda kanuni ya asilimia 1 ya thamani ya nyumba kwa mwaka. Kanuni ni rahisi kukumbuka, lakini kwa Kwa Mrombo inapotosha, kwa kuwa thamani ya nyumba hapa imebeba thamani ya kiwanja, na kiwanja hupanda bei barabara ikiwekwa lami hata kama bati halijabadilika. Njia ninayoiona bora ni kuchukua kila kitu kikubwa, kuuliza kukibadilisha leo ni shilingi ngapi, na kugawa kwa miaka kiliyobakiza. Tuseme kwa mfano paa ni 6,000,000 na limebakiza miaka 25. Hiyo ni 240,000 kwa mwaka. Rangi ya nje 900,000 kila miaka sita ni 150,000. Mabomba na vyoo 1,800,000 kwa miaka kumi na mitano ni 120,000. Waya na swichi 1,500,000 kwa miaka ishirini ni 75,000. Ukiongeza pampu na tangi 70,000, milango na nyavu 60,000, na kunyonya shimo 60,000, unapata 775,000 kwa mwaka, yaani kama 65,000 kwa mwezi. Bei hizi ni za kufanyia hesabu tu, kila mtu aweke za kwake, na azirudie kila Januari kwa kupita dukani.

Najua 65,000 ni nyingi kwa nyumba yenye ada na hospitali. Ndiyo maana hesabu ya kugawa kwa vipengele ina faida nyingine: inaonyesha pa kuanzia. Katika mfano ule paa peke yake ni 20,000 kwa mwezi. Mtu asiyeweza kingine chochote aanze na hiyo, kwa sababu paa likishindwa vyote vilivyo chini yake vinafuata. Akimaliza hapo aongeze waya, ambao hasara yake haipimwi kwa shilingi, kisha maji. Rangi inaweza kungoja.

Namna ya kutenga ni muhimu kuliko kiasi, na tunao mfano kila mwezi mbele ya macho. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Kama kiwango hicho ni sawa au la ni mjadala mwingine. Ninachokitazama ni kwamba deni lililokuwa likisahaulika mwaka mzima sasa linalipwa kidogo kidogo na watu ambao hata hawakumbuki wamelipa. Mwenye nyumba anaweza kujiwekea makato yake: kila anaponunua umeme wa 10,000, hapo hapo kwenye simu anahamisha 10,000 nyingine kwenye akiba ya nyumba. Anayetumia umeme wa 30,000 kwa mwezi atakuwa na 360,000 mwisho wa mwaka. Haifiki 775,000, lakini inazidi paa.

Vikoba navyo vingeweza kusaidia. Vikundi vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa, na mwanachama akifiwa hatembezi bakuli. Sijaona sababu kikundi cha majirani kumi na wanane wa mtaa mmoja kisiwe na mfuko wa paa na shimo, wakaita gari la kunyonya siku moja kwa nyumba nne, wakapatana bei, na kabla ya hapo wakakubaliana njia ipi ibaki wazi bila kujengwa. Makubaliano hayo ya njia ni bora yaandikwe mapema, mjumbe akiwepo, wakati bado kuna mahindi kwenye viwanja.

Vitu viwili vya kuhifadhi havigharimu kitu. Kimoja ni picha: kabla lipu haijapigwa na kabla mitaro haijafukiwa, simu ipite kila ukuta na kila mtaro, ili baada ya miaka kumi fundi bomba aone bomba lilipo badala ya kubomoa kutafuta. Cha pili ni tarehe. Bati limepigwa lini, ni geji ngapi, shimo limechimbwa lini na lina kina gani, pampu imenunuliwa wapi. Wapo mafundi ambao wakimaliza kupaua huandika mwaka kwa penseli ya useremala kwenye kenchi, pengine na jina lao. Ndiyo kumbukumbu pekee ambayo nyumba nyingi zinayo kuhusu umri wa paa lake. Iko pale, juu ya jipsamu, na ili mtu aisome inabidi kwanza aite fundi akate mlango darini, sentimita sitini kwa sitini, kazi ya asubuhi moja.